Kimya Kati ya Mapigo

Ilunga aliingia kwenye kilio cha mama yake siku ya pili, ametoka moja kwa moja bandarini, suruali imelowa hadi magotini kwa maji ya boti ya Kigoma. Nywele zimemwisha na mwili umejaa, lakini alivyosimama pale getini, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajafika, nilimjua hata kabla hajageuza uso. Alisalimia wazee kwanza, akaingia ndani kwa akina mama, akatoka na macho mekundu, akavuta kiti cha plastiki karibu na changu. "Bea," akasema, "ungali unapiga?" Hatukuwa tumeonana tangu ujana. Nilimwambia gita yangu ya mwisho niliiachia kwaya zamani, na kwamba mkono wangu wa kuume siku hizi hata ndoo ya maji unashindana nayo. Akatabasamu kidogo. Vijana wa kwaya walikuwa wanafunga spika chini ya turubai, na moja ikaanza kuvuma, ule mvumo wa waya uliochoka. Watu waliendelea na mazungumzo yao. Sisi wawili tu ndio tuliogeuza vichwa, na macho yetu yalipokutana nilijua wote tumerudi sebuleni kwa Papa Simoni, mwaka ule nilipokuwa nangoja treni.

Habari za nyumbani kwetu nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza sekondari, nilikuwa na nafasi ya kusoma Lubumbashi, na kilichokosekana kilikuwa treni ya kunipeleka. Vita vilikuwa vimetulia kwetu Kalemie, ila reli ilikuwa imeng'olewa mahali fulani huko ndani, na kila nilipokwenda stesheni kuuliza, mzee wa dirishani aliniambia labda wiki ijayo, kwa upole uleule, kama mtu anayempa mgonjwa maji. Sanduku langu lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Nikihitaji sketi nilifungua, nikatoa, nikafunga tena. Sikuweza kusoma kitabu hadi ukurasa wa pili. Asubuhi nilitembea kutoka stesheni hadi bandarini, kutoka bandarini hadi daraja la mto Lukuga, na kurudi, na watu walioketi mbele ya maduka walianza kunisalimia kama wanavyomsalimia mtu wa posta. Leo nikiona kijana anayezungukazunguka mjini bila sababu simwulizi anatafuta nini. Hajui, na ukimwuliza utamwongezea tu hasira.

Ilunga alinisimamisha Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa napiga gita ya kwaya tangu nikiwa msichana mdogo, siyo nyimbo za pekee bali ule mdundo wa nyuma ambao hakuna anayeutazama. Alikuwa mwembamba, mgeni mjini, mmoja wa wale waliokimbia vita kutoka upande wa Nyunzu, na akaniambia bila salamu ndefu: "Nimeangalia mukono yako misa nzima. Haichoke." Nikamwambia ni nyimbo za polepole, nani atachoka. "Mimi niko na nyimbo za mbio," akasema. "Yangu inachoka." Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa kwao.

Kwao kulikuwa kwa mjomba wake, Papa Simoni, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli kule mtaa wa Kataki. Papa Simoni alikuwa bado mtu wa reli ingawa reli haikuwa na kazi ya kumpa. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda ofisini, akarudi. Ujanani alipiga besi katika orkesta ya baa, na ukutani ilikuwepo picha yake amevaa tai pana, anacheka. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda iliyopitwa na miaka, na kwenye kona, ampli ya kukuza sauti ya gita, kubwa kama kabati, ya zile zenye taa za kioo ndani, ambayo ukiiwasha lazima uisubiri ipate joto ndipo ianze kuongea. Ngoma za Fisto, jirani yetu aliyekuwa fundi baiskeli, zilijaza nafasi iliyobaki. Mlango wa kwenda jikoni ulikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia, saa zote, alikuwepo mama yake Ilunga, Mama Ngoie. Tulimsikia zaidi kuliko tulivyomwona: kisu juu ya ubao, maji, mwiko wa bukari, ule ugali wetu, ukigonga sufuria.

Ilunga alikuwa amefanya kazi ya kuosha vyombo katika kambi ya askari wa kigeni waliokuja kulinda amani. Mmoja wao, kijana kutoka Amerika ya Kusini, alikuwa anapiga roki nzito ndani ya hema lake kila alipomaliza zamu, na alipoondoka kurudi kwao alimwachia Ilunga gita nyeusi ya umeme, kaseti kadhaa, na mfuko wa turubai uliojaa pedali. Ilunga aliumwaga ule mfuko juu ya meza ya sebuleni kama mtu anayemwaga samaki. Vilikuwa visanduku vya chuma vya rangi mbalimbali, kila kimoja na kitufe cha kukanyaga kwa mguu na vifundo vidogo vya kuzungusha, ambavyo sisi tuliviita buto. Unachomeka waya wa gita upande mmoja, mwingine unakwenda kwenye ampli, na sauti ikipita katikati inabadilishwa tabia. Maelezo hayakuwepo. Tulikuwa na kaseti za yule askari, masikio yetu, na mchana mzima kila siku umeme ukikubali.

Gita nyeusi ilikuwa mikononi mwangu, Ilunga akachukua besi ya zamani ya mjomba wake, na nadhani hakuna kitu nimewahi kukifanya kwa njaa ile. Pedali ya kahawia ilitoa sauti kama nzi ndani ya kopo. Tuliipenda siku ya kwanza, siku ya pili ikatuumiza meno. Ya bluu ilifanya gita iyumbe kama kivuli kwenye maji, nzuri kwa wimbo wa ndoa, na Ilunga akaitupa juu ya kochi bila kuiangalia mara ya pili. Ya rangi ya machungwa ndiyo iliyokuwa na ukali wenyewe. Nilipopiga kodi ya kwanza, nyuzi kadhaa kwa pamoja, kupitia kwake, vioo vya dirisha vilijibu, na mimi niliyekuwa sijatulia mahali popote kwa miezi mingi nilisikia miguu yangu imeshika sakafu. Tukazungusha buto ya ukali hadi mwisho, kwa sababu ungeacha kwa nini. Ilituchukua muda kuelewa kwamba ukali ukijaa, kodi zote zinakuwa kodi moja. Ukipiga haraka, pigo linaingia ndani ya pigo jingine, na mtu wa nje anasikia mashine ya kusaga tu. "Haiko yenyewe," Ilunga alikuwa anasema, anatoka nje hadi barabarani kusikiliza kwa mbali, anarudi. "Kwenye kaseti kila pigo inasimama yenyewe. Yetu inalala."

Papa Simoni alirudi kutoka ofisini mchana mmoja akatukuta hivyo. Alivua viatu, akakaa kwenye kochi katikati ya zile waya na kusikiliza wimbo wote, mikono juu ya magoti. "Gita ni kintu ya kuimba," akasema mwishoni. "Nyie munaichapa sawa mwizi." Lakini hakuondoka. Baadaye akauliza kwa nini tumepunguza sauti ya kati kwenye ampli na kuacha tu ile nzito ya chini na ile nyembamba ya juu. Ilunga alimwambia ndivyo inavyokuwa kali. "Kali humu ndani, kwa sababu sebule ni ndogo," akasema. "Mukienda kwenye salle kubwa, besi yako na ngoma ya Fisto vitaimeza. Gita inaishi katikati." Tukairudisha ile ya kati, kwa kinyongo, na gita ikasogea mbele kama mtu aliyeitwa jina. Wiki hiyohiyo niligundua kwamba pedali ya kijani, ambayo peke yake ilikuwa dhaifu, ukiiweka kabla ya ile ya machungwa, ukapunguza ukali wake na kuinua nguvu yake, inakaza sauti yote. Ule uzito uliokuwa unalegea chini ukashika. Niliziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja na kupiga za chini, na kila pigo likatoka kama kisigino kwenye ubao. Fisto alinyanyuka kwenye kiti chake cha ngoma bila kujua kwamba amenyanyuka.

Ilibaki mvumo. Ampli ile ya zamani, umeme wetu wa kupanda na kushuka, pedali mbili zikisukumana: ukiacha kupiga, gita haikunyamaza, ilivuma. Ndipo Ilunga akatoa pedali nyeupe, ya mwisho mfukoni, ambayo hatukujua kazi yake. Haikubadilisha sauti hata kidogo. Ilichofanya ni kuifunga. Ukipiga inafungua, ukiacha inakata, na kati ya pigo na pigo hakuna kitu, ni kama mtu amefunga mlango. Tukaiita mulango. Ilunga aliniomba nipige mapigo matatu na kusimama, matatu na kusimama. Nilipiga. Kimya kilichofuata kila mara kilikuwa kikavu, na nilimwona Ilunga amefumba macho, shingo imenyooka, anasikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia. "Iyi," akasema. "Iyi njo nilikuwa natafuta."

Jikoni sufuria ilianguka. Pazia likafunguka na Mama Ngoie akapita katikati yetu, mikono ina unga wa muhogo, bila kutuangalia, akatoka nje, akavuka barabara, akasimama huko juani amegeukia ukuta wa nyumba ya watu. Ilunga alimfuata. Sisi tulibaki na harufu ya ndakala, dagaa wetu, wanaoungua, hadi Fisto akaenda kuwatoa motoni.

Ilitokea tena, na tena. Siyo kila mara tulipopiga. Siku nyingine tulipiga kwa nguvu hadi chokaa ikadondoka na yeye akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mdundo wake. Papa Simoni alituambia kwa ufupi: "Dada yangu akitoka tena vile, hii vyombo yote itatoka pia." Na sherehe ya vijana ilikuwa inakaribia, katika salle, ule ukumbi wa wafanyakazi wa reli, mara ya kwanza tangu vita; tulikuwa tumepewa nafasi. Kwa Ilunga, ile nafasi ilikuwa kila kitu. Alipungua, alisahau kula, alizungumza na buto za pedali zaidi kuliko na sisi.

Mchana mmoja nilifika mapema, nikakaa sebuleni peke yangu kukaza nyuzi, na nyuma ya pazia nikawasikia ndugu wawili wakiongea. Papa Simoni alisema: "Umwambie tu. Ni mwanaume sasa." Na Mama Ngoie: "Nimwambie nini? Anajua mudogo wake alienda na watu wenye walikimbilia Kongolo. Muache ajue vile." Papa Simoni alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kuondoka, lakini Mama Ngoie alifungua pazia akaniona, akasema: "Kuja unisaidie na hizi sombe."

Tulikaa kwenye vigoda, tukichambua majani. Aliniuliza habari za treni, nikamwambia hakuna. Ndipo akaniambia, akiangalia majani, siyo mimi. Siku walipokimbia walitawanyika katika majani marefu karibu na mto. Ilunga alikuwa mbele, amekwisha vuka. Yeye alilala chini pamoja na wanawake wengine na watoto wao, na Kazadi, mwanawe mdogo, alikuwa amepotea nyuma mahali fulani. "Bunduki ikilia unajua iko wapi," akasema. "Mimi sikuogopa sana pale ilikuwa inalia. Kisha ikanyamaza. Yote, mara moja. Na katika ile kimya Kazadi akaniita. Mara moja tu, Mama." Alipanga majani aliyokwisha kuchambua, akayanyoosha kana kwamba ni nguo. "Ningeitika wangetupata wote. Sikuitika." Niliendelea kuchambua. Akasema: "Kelele yenu haina mubaya, mutoto yangu. Ile inavuma mimi naipika nayo. Ni pale inakatika." Kisha akaniomba nisimwambie Ilunga. Akijua, alisema, atarudi kule kutafuta, na yeye hana mtoto mwingine wa kupoteza.

Nimeishi na mambo mengi tangu siku ile, ndoa, watoto, kazi ya ofisi ya bandari, na bado sijui kama kuna uzito unaolingana na kuambiwa kitu mbele ya sombe ukiwa na umri wa kusubiri treni. Nilichojua kufanya kilikuwa kimoja tu. Kesho yake niliitoa pedali nyeupe kwenye mstari. Lakini nilijua mvumo ukibaki mkubwa vile Ilunga hatakubali, kwa hiyo nilianza kupunguza ukali kwenye ile ya machungwa, kidogo, tena kidogo, hadi chini ya nusu, nikabadilisha nyuzi na kuweka nene, na nikapiga kwa nguvu zaidi badala ya kuiachia pedali ifanye kazi ya mkono. Mvumo ulishuka ukawa pumzi. Na sauti, badala ya kupungua, ilikuwa kubwa kuliko zamani. Fisto alisikia mara moja. Ilunga pia alisikia, nilimwona, na ndiyo maana alikasirika.

"Rudisha mulango," akasema.

"Haina haja. Sikiliza, kila pigo linasimama."

"Nimesikia. Rudisha."

"Ilunga, inatosha vile iko."

"Haitoshe. Nataka ikatike. Ikikatika, mutu anaweza kusikia."

"Anaweza kusikia nini?"

 Aliweka besi chini, akatoka, na kwa siku nyingi hakurudi kwenye mazoezi. Nilimwona mara moja kwenye mchanga, karibu na mitumbwi ya wavuvi wa ndakala, anatembea kando ya maji kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Nilifikiri nimeharibu kila kitu, na sikuweza hata kueleza kwa nini. Nilikwenda nyumbani kwao hata hivyo, kila mchana, nikapiga na Fisto. Mchana wa tatu au wa nne Mama Ngoie alifungua pazia akakaa pale mlangoni na ungo wake wa mchele mapajani. Ampli ilivuma, nikapiga, nikaacha, ikavuma. Aliendelea kuchambua. Sijui Ilunga alikuwa amesimama dirishani kwa muda gani. Nilipoinua macho alikuwa pale nje, anamtazama mama yake, siyo mimi. Akaingia, akachukua besi, akaunganisha waya. Pedali nyeupe aliiacha pale ilipokuwa.

Siku ya sherehe salle ilijaa hadi madirishani. Tulipiga alasiri, kati ya kikundi cha maigizo na kwaya ya watoto, na watu wengi hawakuwahi kusikia kitu kama kile isipokuwa kwenye redio kwa bahati mbaya. Wengine waliziba masikio, wengine walicheka, kisha vijana wa nyuma wakaanza kuruka na vumbi likapanda kutoka kwenye mbao. Papa Simoni alikuwa amesema kweli: gita iliishi katikati, besi na ngoma hazikuimeza. Katika wimbo wa mwisho palikuwa na mahali ambapo sote tunasimama ghafla, na Ilunga anaanza tena kwa sauti yake peke yake. Tuliposimama, ampli ya zamani ilivuma katika ukumbi mzima, pana na ya chini, na nilimtafuta Mama Ngoie kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la pembeni karibu na kaka yake, mikono mapajani. Hakutoka. Baadaye, tukila samaki wa kuchoma nje, alituambia tumepiga vizuri, ila Ilunga anapiga kelele na mudomo sana. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Ilunga anacheka kwa sauti.

Treni ilikuja kabla ya mvua kubwa, mabehewa ya mizigo tu, nikapanda juu ya magunia na wengine. Ilunga alivuka kwenda Kigoma mwaka huohuo, akapata kazi kwenye gereji ya injini za boti, akaoa huko. Alimtumia mama yake vitu kwa mabaharia, alikuja mara chache, kila mara nilikuwa mbali. Mimi niliporudi Kalemie na kazi yangu, Mama Ngoie ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniletea sombe. Hatukuongea tena juu ya siku ile. Niliitunza siri yake hadi alipofariki, nikidhani ni yangu, yake na ya kaka yake tu.

Alasiri ile ya kilio, wanawake walipoanza kugawa chakula, Ilunga alikataa sahani yake kwa mkono, akainama mbele, viwiko juu ya magoti. "Mama alikuambia," akasema. Haikuwa swali. "Kabla ya ile sherehe. Nilipokuona umetoa mulango nilijua alikuambia."

Nilimwambia ndiyo.

"Alikuambia mimi nilikuwa mbele, nimeisha kuvuka."

"Ndiyo."

Alitazama miguu yake, suruali iliyokuwa imeanza kukauka na kuacha mistari ya matope. "Sikuvuka," akasema. "Nilirudi kuwatafuta. Nililala nyuma yake kwenye majani, karibu sana, ningenyosha mukono ningemshika muguu. Hakuniona. Na mimi nilimsikia Kazadi anaita." Mtu alipita na jagi la maji ya kunawa, tukanawa wote wawili, kwa sababu lilikuwa mbele yetu. "Yeye alifikiri sijui, nikamwachia afikiri vile. Angejua nilisikia, angejua pia niliona hakuitika. Ule mwaka wote nilitaka tu ile kimya, Bea. Mara tatu na kusimama. Nilisema labda nikisikiliza muzuri, ataita tena."

Nilimwekea mkono begani. Akakaa hivyo muda mrefu, mwili mzima umetulia, jambo ambalo sikuwahi kumwona nalo.

"Hakuita tena," akasema.